Mwaka Tulipoegemeza Daraja

Simu ilinikuta uani kwangu Bigwa nikichambua matembele. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniamkia, ikajitambulisha kuwa ni binti wa Fundi Kulwa wa Dumila, ikanieleza kwamba baba yao amefariki alfajiri ile na mazishi ni kesho. "Mama kaniambia nikutafute wewe kwanza," alisema. "Anasema mtani wa baba kutoka Matombo asipokuja, hapa hazikwi mtu." Nikamwambia pole mwanangu, nitakuja. Nikakata simu, nikaendelea na matembele yangu mpaka nikagundua kuwa mashina nayaweka kwenye sufuria na majani nayatupa. Hapo ndipo nilipolia. Nilipomaliza nilizunguka nyuma ya nyumba kwenye migomba yangu michache, nikachagua mti mmoja wa panda, wenye ncha mbili juu, uliokuwa umeegemeza mkungu wa mzuzu, mti mkavu, mwepesi, unaonizidi urefu kidogo. Mkungu nikauegesha kwenye ukuta. Kesho yake binti yangu Mwamvua alipokuja na gari alinikuta mlangoni na mkoba mkono mmoja na mti mkono mwingine. "Mama, tunakwenda msibani au shambani?" Nikamwambia afungue dirisha la nyuma mti utokeze kichwa. Yeye kisa cha daraja anakijua tangu utotoni, kwa sababu amezaliwa mwaka ule, lakini habari za miti sijawahi kumsimulia. Ni aibu yangu, na aibu mtu huificha hata kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Nilimsimulia siku ile, barabara nzima mpaka Dumila.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nimeolewa miezi michache nyuma, na mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi akinuka moshi na sukari. Nilikaa kwa Mama Mkubwa Salima, juu kabisa kule Matombo, kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa imeng'ang'ania mteremko, mlango wa mbele ukitazama mlima na wa jikoni ukitazama mto. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye paa, kwa hiyo kila kilichosemwa ndani ya nyumba ile kilikuwa cha wote. Ng'ambo ya mto tuliiona zahanati ya misheni, bati lake liking'aa, karibu kiasi kwamba mtu akianika shuka kule ningeweza kukwambia ni la rangi gani. Masika ya mwaka uliotangulia mto ulichukua magogo mawili tuliyokuwa tunavukia, na jirani yetu Asha akashikwa na uchungu upande wetu. Siku mbili watu walimweka kwenye kitanda cha kamba ukingoni, wakingoja maji yapungue. Alikufa analitazama lile bati. Nami baada ya mwezi wa pili wa ndoa yangu nilijua kuwa nina mimba, nikahesabu kwa vidole, vidole vikaishia kwenye masika.

Kijiji kilikubaliana kujenga daraja la kudumu, la mawe, na misheni ikatutafutia fundi. Tulitegemea mzee mwenye miwani. Akaja mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, ana sanduku la mbao begani na timazi ya kupimia wima inaning'inia kiunoni, akasimama mbele ya baraza la kijiji na kusema: "Naitwa Kulwa, Mnyamwezi wa Tabora. Nimekuja kuwajengea daraja watumwa wangu, maana naona mmechoka kuogelea." Mkutano mzima ukavunjika mbavu. Vijana wa siku hizi utani wa makabila wanausikia kama hadithi, lakini kwetu Mnyamwezi na Mluguru wakikutana hakuna anayekasirika. Unamtukana, anakutukana, unamnyang'anya kofia, na siku ya msiba ni yeye anayekuja kukuchekesha wakati ndugu zako wameishiwa nguvu. Mama Mkubwa, aliyepewa jukumu la kumlaza na kumlisha, alisimama palepale akamjibu: "Karibu, Mnyamwezi. Utalala chumba cha nje, tulipokuwa tunafuga mbuzi. Naomba tu usikichafue, mbuzi wangu alikuwa msafi."

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi kiangazi chote. Chumba cha nje kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha dogo lisilo na kioo, na ukutani Fundi alipigilia misumari na kutundika vyuma vyake kwa mpangilio, nyundo ndogo mpaka kubwa, akavipangusa kila jioni kabla hajanawa mwenyewe. Chakula chetu kilikuwa ndizi, kama unavyotegemea: ndizi za nazi, ndizi na maharage, ndizi na utumbo siku mtu akichinja. Kila sahani Fundi aliipokea kwa malalamiko. "Mke wangu Salima, hiki ni chakula au ni dawa ya kuhara?" Mama Mkubwa anamjibu kuwa kwao Tabora watu wanakula unga wa muhogo mpaka meno yanafanana na chaki. Analalamika, anamaliza, anaongezwa. Mimi nilikuwa nacheka mpaka tumbo linauma, na yeye akiniona nacheka ananigeuzia kibao: "Na wewe Zena, huyo uliyembeba ni mtumwa wangu tayari, usimlishe ndizi nyingi atazaliwa amepinda." Sikumbuki siku hata moja aliyoongea na sisi bila mzaha. Hilo lilikuwa tamu mno kwetu, na ndilo karibu lituue.

Kazi ilikuwa ya kijiji kizima. Wanaume walipasua mawe mlimani kwa moto na maji, vijana wakayateremsha kwa machela ya miti, sisi wanawake tulibeba mchanga na maji, na saruji tuliifuata mbali barabarani, kila mmoja nusu mfuko kichwani. Mimi na tumbo langu nilibeba maji mpaka mwezi wa saba wa mimba. Fundi alisimamisha kwanza kiunzi cha mbao katikati ya mto, kimeinama mgongo kama mtu anayefua, kimekaa juu ya kabari nyingi za mti mgumu. Halafu juu ya mgongo ule akaanza kupanga mawe, kutoka ng'ambo zote mbili kwa pamoja, kila jiwe amelichonga jembamba upande wa chini na pana upande wa juu. Alikuwa halitazami jiwe, alikuwa analigonga na kulisikiliza. Mawe mengine aliyarudisha mlimani bila maelezo, na waliokuwa wameyabeba walimtukana kwa haki yao ya utani, naye akawatukana vilevile, kisha wakaenda kuleta mengine. Nilikuwa nashusha ndoo yangu na kusahau kuondoka. Sikuwahi kuona watu wakitengeneza kitu kikubwa kuliko wao wenyewe.

Usiku mmoja mapema, tukiwa bado tunaosha vyombo, nilimsikia Mwenyekiti wa kijiji akizungumza na Fundi chumba cha nje. Alikuwa mtu mzito, mwenye sauti ya kunong'ona inayosikika nyumba ya tatu. "Fundi, nimezunguka mjini Morogoro, nimeangalia madaraja. Yote yana nondo. Nondo zetu ziko wapi?" "Hili halina nondo." "Sasa litashikwa na nini?" "Na uzito wake." "Watu wangu nitawaambia nini?" "Waambie Mnyamwezi kasema." Mwenyekiti akashusha pumzi. "Hapo ndipo shida ilipo." Asubuhi yake, labda kwa ajili ya mazungumzo yale, Fundi alituita mimi na Mama Mkubwa uani. Akatusimamisha tunatazamana, viganja kwa viganja, akatuambia turudishe miguu nyuma, tena nyuma, mpaka kila mmoja amemlalia mwenzake. Nilihisi uzito wa Mama Mkubwa mikononi mwangu wote, na wangu kwake. "Haya, nani kamshika mwenziwe?" akauliza. Akaning'inia juu ya mikono yetu iliyounganika, mwanamume mzima, na badala ya kuanguka tukazidi kukazana. "Ndiyo hivyo," akasema, akajipangusa mikono. "Sasa Salima mwachie mwenzio, ananuka vitunguu."

Jiwe la mwisho la katikati liliingia mwezi mmoja na nusu kabla ya masika, na baada ya wiki tatu za kungoja saruji ikamae, kijiji kizima kikajipanga ukingoni kutazama mbao zikitolewa. Fundi alipita chini na nyundo ndogo, akaigonga kila kabari kidogo tu ilegee, akazunguka zote, akarudi tena, akazunguka mara ya tatu. Ghafla tukasikia sauti, ndogo kuliko nilivyotegemea, kama mtu mzima anavyokaa kitandani baada ya kazi. Wanawake walipiga kelele. Fundi akanyoosha mkono akaomba jani la mgomba. Akalichana utepe mrefu, akauchomeka katikati ya mbao na mawe upande wa kwetu, akatembea nao taratibu chini ya daraja, jani likapita, likapita, mpaka likatokea upande wa zahanati bila kukwama popote. Nimeishi, nimepanda maghorofa ya Dar es Salaam, nimetazama chini mpaka kichwa kikazunguka. Hakuna kitu kilichowahi kunifunga mdomo kama lile jani. Mbao hazikuwa zimebeba chochote. Mawe yale, ambayo jiwe moja lilihitaji wanaume wanne, yalikuwa yamekaa hewani yenyewe. Fundi akatoa ndizi mbivu mfukoni, akasimama katikati, chini kabisa ya jiwe la kufunga, akaimenya, akaila polepole mpaka ikaisha. "Nimekula chakula chenu," akasema. "Kama halijaniangukia kwa hilo, haliwezi kuanguka tena."

Wiki ileile mbao zote ziliondolewa, naye akaenda kwao Tabora kumtazama mama yake mgonjwa. Na mimi siku ya pili tangu aondoke niliteremka kuchota maji, nikainua macho. Kutoka juu daraja lilikuwa barabara. Kutoka chini lilikuwa mawe makubwa kama mbuzi yananing'inia juu ya kichwa changu, na kati yangu na yale mawe hakuna kitu. Mtoto akanipiga teke. Nikamkumbuka Asha. Nikafikiri: nitapitishwa hapa nimelala chali, siwezi hata kukimbia. Juu ya ukingo palikuwa na shamba letu, na mgomba mmoja ulikuwa umeshakatwa mkungu, mti wake wa panda umebaki umesimama bila kazi. Sisi ni watu wa ndizi. Mgomba ukibeba mkungu mzito hatungoji uanguke, tunauegemeza, kila mtoto wa kwetu anajua kabla hajajua kuhesabu. Nikauchukua ule mti, nikauteremsha, nikaupachika panda yake chini ya jiwe la pembeni, nikaugonga kisigino kwa jiwe mpaka ukakaza. Nikapumua. Nilijisikia kama nimemfunika mtu shuka. Kesho yake nilipofika mtoni miti ilikuwa minne. Sikuuliza ni ya nani, wala hakuna aliyeniuliza. Baada ya wiki ikawa inaonekana kuwa ni ubahili kwa mtu kuwa na migomba na asiwe na mti chini ya daraja. Mama Mkubwa alipeleka miwili, mmoja wake na mmoja wa marehemu mumewe. Mwenyekiti alileta gogo zima la mkaratusi, likabebwa na watu sita, wakalisimamisha katikati kabisa. Tulisifiana. Tulisema Mnyamwezi akirudi atatushukuru.

Alirudi mawingu yakiwa yameshakaa mlimani. Alitua sanduku lake ukingoni, akautazama ule msitu, akacheka. Nasi tukacheka. Halafu akaacha kucheka. "Toeni," akasema. "Toeni leo hii. Maji yakija yataleta magogo, magogo yatakwama kwenye hii miti yenu, mto utaziba, na mto ukiziba utalisukuma daraja kwa ubavu. Haya mawe yanaweza kubeba lori, hayawezi kusukumwa ubavu. Mnaliua." Kina mama walikuwa hoi kwa kicheko. Mmoja akachukua kijiti, akakiegemeza mgongoni kwake: "Mnyamwezi naye amechoka na safari, mwegemezeni." Kadiri alivyokasirika ndivyo tulivyofurahi, kwa sababu hatukuwahi kumwona akiigiza vizuri namna ile. Alipaza sauti mpaka ikapasuka, machozi yakamtoka, na mwanamke mmoja akamwiga kilio palepale, watu wakaanguka chini. Akaenda kwa Mwenyekiti. Niliwasikia. "Fundi, mimi naona unachosema, lakini watu wanasema huyu ni mtani, leo anatupima akili. Nikiwaambia watoe, likaanguka, mimi nitakaa wapi?" Miezi yote ile alikuwa ametuzoesha kutomwamini. Na sisi miezi yote ile tulikuwa tumempenda kwa hilo.

Jioni ile niliandaa ndizi za nazi na dagaa. Alikuja akakaa kwenye kigoda chake karibu na mafiga, akanawa, akala. Hakusema dawa ya kuhara. Alimaliza sahani, akaisogeza kwa mikono miwili, akasema: "Ahsante, mama. Chakula kilikuwa kizuri." Mama Mkubwa akaacha mwiko hewani. Mimi nikahisi baridi toka utosini, kwa sababu nilielewa kuwa mtu huyu amemaliza mzaha, na kama amemaliza, basi kila alichosema mtoni kilikuwa kweli. Nilimfuata chumba cha nje. Alikuwa anavishusha vyuma vyake ukutani kimoja kimoja na kuviweka kwenye sanduku. "Fundi," nikamwambia, "mti wa kwanza ni wangu." Hakugeuka. "Kwa nini?" "Niliogopa." Akakaa kitandani na nyundo mapajani. "Hata mimi niliogopa siku ile ya ndizi," akasema. "Lakini lile jani ulilionaje, Zena? Lilikwama?" "Halikukwama." "Basi kesho kautoe wako. Mimi wakiniona natoa watacheka. Wewe na tumbo hilo hawatakucheka."

Mvua ilinyesha mlimani, kwetu hata tone. Asubuhi tuliamshwa na mto. Ulikuwa umekuja mwekundu, umebeba migomba mizima na mizizi yake, mianzi, magogo ya mashamba ya juu, na vyote vilikuwa vinafika kwenye miti yetu na kusimama. Nyuma yake maji yalikuwa yanapanda. Kijiji kilikuwa ukingoni kimekauka, na hakuna aliyekuwa anacheka. Nilijifunga kanga nikashuka. Mti wangu ulikuwa wa pembeni, maji yananifika magotini tu, lakini yalikuwa na nguvu ya ng'ombe. "Zena, unakwenda wapi na tumbo hilo?" Mama Mkubwa aliita. Nikageuka, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Huu niliuweka mimi wa kwanza. Nautoa." Ulikuwa umekaza. Nikaukumbatia, nikautikisa kushoto, kulia, macho nimeyafumba kwa sababu mawe yale yalikuwa juu ya utosi wangu. Ukatoka. Nikafumbua macho. Daraja lilikuwa palepale. Nikauachia mti ukaenda na maji, na nilipotazama ukingoni Mama Mkubwa alikuwa ameshaingia mtoni, analia na kuvuta, wa kwake kwanza, kisha wa marehemu. Baada ya hapo wakashuka wote.

Miti ya katikati haikufikika kwa mikono. Fundi alifungwa kamba kiunoni, Mwenyekiti na wanaume wengine wakaishika, naye akaingia na shoka mpaka kwenye lile gogo la mkaratusi, ambalo lilikuwa linatetema na kugonga jiwe la kufunga kutoka chini kama mtu anayebisha hodi. Alilikata huku maji yakimpiga kifuani. Lilipokatika, uchafu wote uliokuwa umeziba ulipita kwa pamoja, kwa kishindo nilichokisikia mifupani, na mgomba mmoja wenye mizizi ukazunguka ukampiga gotini. Tulimvuta kwa kamba kama samaki. Goti lilikuwa limegeuka upande usiokuwa wake. Wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wakainua, wakaanza kuvuka kwenda zahanati, na ndipo tulipotambua kuwa mgonjwa wa kwanza kuvushwa kwenye daraja lile ni aliyelijenga. Wanawake walikuwa wanalia njia nzima. "Mnalia nini, watumwa?" akasema kutoka kitandani, meno yamekazana kwa maumivu. "Nendeni taratibu, nataka nilione vizuri." Hapo kilio kikageuka kicheko, na kicheko kikarudi kuwa kilio, na tangu siku ile alichechemea, mpaka uzee wake Dumila.

Siku kumi na tisa baadaye ilikuwa zamu yangu. Uchungu ulinianza mchana, mvua inamwagika, mto umejaa mpaka kwenye mabega ya tao la mawe. Nililazwa chali kwenye kitanda kilekile, kama nilivyokuwa nimeogopa, Mama Mkubwa akinitandazia kanga usoni. Tulipofika katikati niliwaambia wasimame. Walidhani nimezidiwa. Nikautoa mkono nje ya kanga, nikashika jiwe la ukingo wa daraja. Chini yangu mto ulikuwa unanguruma mpaka sauti za watu sizisikii, na mkononi mwangu jiwe lilikuwa limetulia kabisa, halina habari, la baridi. Sijui niliushika muda gani ule utulivu. Nilihisi nimeguswa na kitu ambacho watu wenye mikono kama yangu walikitengeneza na sasa hakituhitaji tena. Nikawaambia twende. Mtoto alizaliwa kabla ya magharibi, upande wa bati linalong'aa, na kwa sababu ya mvua ile aliitwa Mwamvua.

Mwamvua alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Tulikuwa tumeshafika Dumila, wachuuzi wa nyanya na vitunguu wanakimbilia dirishani, mti wangu ukiwazuia. "Kwa hiyo ungelibomoa wewe," akasema mwishowe. "Ningelibomoa mimi." Akafikiri. "Na lipo mpaka leo." "Lori za ndizi zinapita," nikamwambia. "Nimepita juu yake mwezi uliopita." Alipaki kando ya turubai, akanisaidia kushuka, na kwa mara ya kwanza siku ile hakunicheka kwa ule mti.

Jeneza lilikuwa uani, limewekwa juu ya viti viwili, mkongojo wake umelazwa juu. Nilianza kuchechemea toka getini. Wazee walinitambua ni mtani, wakaanza kuguna kwa kicheko. Vijana walinitazama kama mwendawazimu. Nikachechemea kama yeye mpaka kwenye jeneza, nikaingiza panda ya mti wangu kwa mshazari chini ya ukingo wake, nikaugonga kisigino kwa kiatu mpaka ukakaza. "Mnyamwezi," nikasema kwa sauti, "tumesikia umelemewa. Watumwa wako tumekuja kukuegemeza." Uwanja mzima ulicheka, hata padri. Mjane wake, Mama Doto, mwanamke mnene mwenye macho yaliyovimba, aliinuka kwenye mkeka akaja taratibu mpaka karibu yangu. Nilidhani atanikumbatia. Akautazama mti juu mpaka chini. "Alisema utakuja nao," akaniambia, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Wiki nzima hii alikuwa anasema. Zena atakuja na mti. Mwacheni auweke. Halafu mwambieni autoe."

Nikaukumbatia ule mti, nikautikisa kushoto, kulia, macho nimeyafumba. Ukatoka. Nilipofumbua macho Mama Doto alikuwa ameninyooshea viganja vyake vyote viwili, kama Fundi alivyotusimamisha kule uani. Nikauachia mti chini, nikamlalia naye akanilalia, tukasimama hivyo.